Molo Mbili, Neema Moja

Nilizaliwa Molo ya Kenya, upande wa Nakuru. Mwaka wa 1992, kwenye yale mapigano ya kikabila, nyumba yetu ilichomwa. Tukahamia Busia, tukaanza kuuza mahindi kwa gorogoro. Januari 2008, baada ya uchaguzi, tukachomewa tena. Mimi na shosho tukavuka mpaka tukiwa na blanketi moja na Biblia yake. Siku chache baadaye tulifikia Molo nyingine, hii ya Tororo, Uganda. Shosho aliposhuka kwenye boda akauliza hapa panaitwaje. Alipoambiwa, alicheka mpaka akalia.

Wakenya wengi walipelekwa Mulanda, kambi ya muda huko huko Tororo. Sisi tulikawia kufika huko kwa sababu mjane mmoja wa Molo, aliyekuwa mteja wetu Busia, alitupa kibanda chake cha jikoni tulale. Yeye ni Mkatoliki, rozari kila jioni. Shosho alikuwa wa PCEA, tena aliyeokoka, mtu wa ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930.

Ubishi ulianza na sala. Mama mwenye nyumba alipomtaja Maria, alisema amejaa neema. Shosho akafungua Biblia yake, ile ya Muungano, akaonyesha kwamba Maria amepewa neema. "Kupewa na kujaa si kitu kimoja," akasema.

"Kwani ukipewa, haiwezi kuongezwa?" mama akajibu. "Mwaka wa mvua tunasema mwaka wa neema. Mwaka mwingine inazidi. Sasa kama shambani inaongezeka, moyoni itashindwaje? Mtu akisali, akipokea sakramenti, akimsaidia mwenzake, Mungu anamwongezea."

Shosho alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua macho. "Mwanangu, siku ulipozaa mtoto wa kwanza, alikuwa wako nusu?"

"Alikuwa wangu mzima."

"Na alipoanza kukuchotea maji, akawa wako zaidi?"

"Hapana. Lakini alikua."

"Alikua yeye. Kuwa wako hakukuongezeka."

Waliendelea hivyo karibu kila jioni, kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Hawakununiana hata siku moja. Asubuhi walienda shamba pamoja.

Mimi sikucheka nao. Nilikuwa na jambo langu. Niliamini kwamba jirani yetu wa Busia, mtu tuliyemkopesha unga, ndiye aliyewaonyesha vijana mlango wetu. Namba yake ilikuwa bado kwenye simu yangu. Alinitumia ujumbe mara mbili akiomba nimpigie. Niliufuta. Usiku nilikuwa nawaza vile ningemfanyia.

Siku moja nikamuuliza shosho: kama neema niliyopewa ni kamili, mbona namchukia mtu hivi? Akasema, "Kamili ni upendo wa Mungu kwako. Wewe bado."

Nikamuuliza mama: kama neema inaongezwa kwa matendo mema, mimi nisiye na kitu nitaongezewa kwa nini? Na inaweza pia kupunguzwa, kama posho? Akafikiri kwanza. Akasema haipunguzwi kidogo kidogo. Dhambi kubwa inaimwaga yote, ndiyo maana kuna kitubio. "Na matendo si lazima uwe na pesa. Hiyo namba si unayo?"

Nilikasirika. Wiki ile tukaondoka kwenda Mulanda, na baadaye mwaka huo huo tukahamishiwa Kiryandongo.

Huko Kiryandongo katekista mmoja aliniazima kitabu, nikaona kwamba mabishano ya jikoni yalikuwa ya zamani sana. Januari 1547 Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba mtu aliyehesabiwa haki anazidi kukua katika haki hiyo, imani ikishirikiana na matendo mema. Ukawalaani wanaosema matendo ni matunda na ishara tu. Luther alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Waprotestanti walishikilia kwamba kukubaliwa na Mungu ni kamili tangu mwanzo. Kinachokua ni utakatifu wa maisha. Ilipita miaka 450 na zaidi. Ndipo tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wakatia sahihi tamko kwamba tunakubaliwa kwa neema, si kwa kustahili kwetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka wa 2006. Lile neno la kuongezeka kila upande bado unalieleza kwa namna yake, ila laana za zamani hawazielekezi tena kwa mafundisho yaliyo katika tamko hilo.

Nilimsomea shosho. Akasema, "Wangekuja Molo tungewapunguzia miaka."

Sisi wa kambini tunajua vipimo. Kwenye mgao, kopo husawazishwa kwa kijiti, hakuna punje ya ziada. Sokoni, muuzaji mwenye moyo hurundika gorogoro mpaka mahindi yaanguke. Nadhani shosho alitaka nijue kwamba kwa Mungu hakuna kijiti. Mama naye aliogopa nisije nikakaa na gorogoro yangu imejaa, nisimpe mtu.

Shosho alifariki Kiryandongo. Baada ya mazishi nilimpigia mama wa Molo, akasema atamwombea. Sikumkumbusha kwamba shosho hakukubali kuombewa wafu. Halafu, kabla moyo haujabadilika, nikampigia yule jirani. Nilimwambia tu kwamba shosho hayuko tena. Akanyamaza. Akasema mtoto wake bado anamuulizia. Hatukuzungumza habari ya ule usiku. Tuliongea bei ya mahindi, nikakata simu. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Sikuwa nimemsamehe. Lakini wiki iliyofuata simu ililia, nikaona ni yeye, nikapokea.