Haidrenja ya bluu au ya pinki? Pima udongo kwanza

Kabla hujatoa hela ya miche ya haidrenja, nenda pale unapotaka kuipanda, chota udongo, upimwe. Msimu huu nimefuatwa na watu watatu wenye lalamiko lile lile: walinunua miche ya maua ya bluu, imechanua pinki. Mmoja ni mama mkulima wa viazi. Aliweka kwenye miche 40 hela aliyoitenga kwa ada ya mtoto, kwa sababu mpambaji wa harusi alimwahidi kununua bluu tu. Sasa ana pinki tele na mpambaji hapokei simu.

Aliyemuuzia hakumdanganya. Haidrenja nyingi tunazoziona huku Nyanda za Juu, zile zenye kichwa kikubwa cha mviringo, asili yake ni Japani, na rangi yake inategemea sana udongo. Udongo ukiwa mchachu, pH chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo huyeyuka, mmea unaifyonza na ua linakuwa bluu. pH ikipanda kufikia 6.5, alumini hufungwa na ua linatoka pinki. Katikati hapo utapata zambarau, au rangi mbili kwenye kichaka kimoja. Ndiyo maana kwenye maeneo ya chai, kama Njombe na Mufindi, bluu hutoka bila kuhangaika: chai nayo inapenda udongo mchachu.

Sasa mama yetu alipanda wapi? Kwenye kipande kilichotiwa chokaa kwa ajili ya mahindi, kisha viazi vikapigwa DAP misimu yote. Chokaa inapandisha pH, na fosforasi ya DAP inaifunga alumini. Juu yake akamwaga majivu ya jikoni, ambayo yanafanya kazi ile ile ya chokaa. Hapo hata mche utoke kwenye kichaka cha bluu iliyokoza, utakupa pinki tu. Nilimwambia asing'oe. Achukue vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 kwenye matawi yasiyo na ua, aoteshe kivulini, apande upande wa chini karibu na chai ambako chokaa haijawahi kufika. Hizo pinki atafute mpambaji mwingine. Kwenye sendofu zina wateja wake.

Ukiniuliza mimi, anayeanza biashara nusu ya miche iwe nyeupe. Nyeupe haibadilishwi na udongo, na harusi haiikatai. Ila ipe kivuli cha mchana, jua kali linaichafua kwa madoa ya kahawia. Zipo pia zenye kichwa bapa, maua madogo katikati na makubwa pembeni. Nzuri nyumbani, lakini wapambaji wengi ninaowajua wanataka kichwa kilichojaa.

Jambo linalowapotezea watu mwaka mzima ni panga. Hii haidrenja ya kawaida huweka vikonyo vya maua kwenye matawi ya zamani. Ukifyeka kichaka chote ili "kichangamke", utapata majani mazuri na ua hutaliona. Kata kichwa kilichokauka hadi kwenye jozi ya kwanza ya vikonyo vilivyonona, ondoa matawi yaliyokufa, basi. Baridi ya Juni na Julai nayo, siku ya sakitu, inaua vikonyo hivyo hivyo, kwa hiyo panda karibu na ukuta au chini ya parachichi. Ipo aina iitwayo Annabelle, nyeupe, inayochanua kwenye matawi mapya. Ukipata mche wake wa uhakika, huo hata ukikatwa unarudi na maua.

Wasomaji wa Kyela na Dar, mniwie radhi. Haidrenja hii inahitaji majuma kadhaa ya ubaridi ili ifanye maua. Huko kwenu mtafuga majani.

Mbuzi asiifikie, majani yake yana sumu. Maji yasikauke, maana mizizi iko juu juu. Weka matandazo ya nyasi. Siku ya kuvuna kata alfajiri, ua likiwa limekomaa na petali zimekuwa ngumu kidogo, na shina liingie kwenye ndoo ya maji pale pale shambani. Ua changa linalegea kabla bodaboda haijafika mjini.