Usipa Chini ya Kitanda

Mwaka wa kwanza nilificha usipa chini ya kitanda. Mama alinifungashia kutoka Mbamba Bay, wamekaushwa juani, pamoja na unga wa muhogo. Chumbani tulikuwa wanne, na mmoja alishauliza nini kinanuka. Nikanyamaza.

Bumu likachelewa. Usiku mmoja mwenzetu wa Mbinga, Mmatengo, akamimina maharage ya kwao kwenye sufuria: "Jamani, nimebaki na haya tu, tule wote." Hapo nikaona aibu kuliko ile ya harufu. Nikauvuta mfuko.

Nikawaosha kwa maji ya moto, nikawakaanga, nikaweka kitunguu na nyanya. Nikasonga ugali wa muhogo. Mmatengo, aliyezoea wa mahindi, akacheka: "Mbona unavutika hivi?" Lakini hakuacha kumega.

Yule wa harufu ndiye aliyefuta sahani. "Hawa dagaa wa wapi?"

"Ziwa Nyasa. Sisi tunawaita usipa."

"Na ulikuwa nao siku zote hizi?"

Sikuwa na jibu. Tumelala njaa siku mbili, chakula kiko chini yangu.

Siku hizi mfuko unakaa mezani.