Kufunga Kifua Katika Mji wa Joto

Ushauri mwingi kuhusu kufunga kifua umeandikwa na watu wanaoishi penye baridi, tena wenye vifua vidogo. Ukiusoma ukiwa Isiolo mwezi wa Februari utacheka. Vaa sweta juu, wanasema. Vaa nguo mbili tatu, moja juu ya nyingine. Ukipanda matatu kwenda Meru, huko mlimani utakuta vijana wamevaa majaketi saa saba mchana na hakuna anayewauliza kitu. Isiolo, jaketi saa saba ni tangazo. Kila mtu atataka kujua umeficha nini.

Mimi ni mwanaume transi, yaani nilizaliwa nikaitwa msichana na sikuwa. Na kifua changu si kidogo. Sidiria zangu za zamani zilikuwa za ile saizi ambayo wauza mitumba huinua juu ili wateja wacheke. Nalisema mapema kwa sababu kijana mwenye kifua kidogo akivaa vesti ya kubana na shati la maua, ameshamaliza, anaweza kwenda zake. Sisi wengine tuna kazi.

Na mbona ujisumbue? Kiswahili chenyewe hakina neno na mimi. "Anakuja" ni anakuja, awe nani. Shida iko kwenye salamu. Kenya hatuwezi kumuuzia mtu nyanya bila kumpa cheo: dada, siste, mrembo, mathe, bosi, mkubwa, kijana. Muuzaji ana sekunde moja ya kuamua, na katika hiyo sekunde macho yake hupita usoni haraka yakatua kifuani. Kwa Wasomali wa sokoni mambo yako wazi zaidi: mwanaume huitwa "waryaa", mwanamke huitwa "naa". Siku mzee wa duka la vikoi aliponiita waryaa mara ya kwanza, aliniita kwa hasira, nilikuwa nimemzibia mlango. Nilifurahi mpaka usiku. Mtu ambaye hajawahi kuitwa jina lisilo lake kila siku, tangu mkate wa asubuhi mpaka maji ya jioni, hawezi kuelewa raha ya kukaripiwa vizuri.

Kwa hiyo tunafunga. Swali ni kwa kutumia nini, na kwa muda gani, kabla mwili haujaleta bili yake.

Rafiki yangu wa Marsabit alianza na bandeji, ile ya lastiki ya kufungia kifundo cha mguu kilichoteguka. Wengi huanza hapo kwa sababu iko kwenye kila duka la dawa na haiulizwi maswali. Shida ya bandeji ni kwamba imetengenezwa kubana. Unapovuta pumzi mbavu zinataka kupanuka, yenyewe inazizuia, halafu kadiri unavyotembea inajikunja na kukaza mahali pamoja. Yeye alipanda basi Marsabit akiwa amefungwa hivyo, zaidi ya kilomita 250 mpaka hapa, akashuka stendi akitembea kama mzee. Akaenda kliniki akasema "kifua kinanibana." Unajua walichompa? Dawa ya kikohozi. Si makosa yao, kwa Kiswahili mtu anayebanwa na kifua ana homa au pumu. Lakini hakuthubutu kufungua shati aeleze, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo: unaumwa na huwezi kusema unaumwa wapi.

Seloteipu pana na nailoni ya kufungia chakula ni mbaya zaidi. Sitaki hata kuzieleza. Zinachuna ngozi, na kwa joto letu jasho halina pa kwenda.

Kuna nguo iliyoshonwa kwa kazi hii hasa, inaitwa bainda. Inafanana na vesti fupi au ndefu, mbele ina kitambaa kigumu kisichovutika, nyuma kitambaa kinachovutika ili mgongo na mbavu zipate nafasi. Ya kununua ng'ambo ni bei, na mzigo ule unapita mikono mingi kabla haujakufikia. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Mwaka 2017 Sarah Peitzmeier na wenzake walichapisha utafiti uliouliza watu wazima 1,800 wanaofunga vifua, na asilimia 97.2 walikuwa wamepata angalau tatizo moja: mgongo, mbavu, pumzi, kuwashwa, joto kupita kiasi. Nguo iliyohusishwa na matatizo ya aina nyingi zaidi ilikuwa bainda ya dukani, kuishinda hata bandeji. Mimi nadhani ni kwa sababu mtu akishatumia pesa nyingi anaamini amenunua ruhusa ya kuivaa mchana kutwa, wiki nzima. Maana kilichohusishwa na maumivu kuliko kingine chochote kilikuwa ni siku ngapi kwa wiki unafunga. Na wenye vifua vikubwa, shida yao hasa ilikuwa ngozi.

Watu haohao walisema pia kwamba kufunga kuliwapunguzia huzuni na wasiwasi, wengine hata mawazo ya kujiua. Ndiyo maana kumwambia mtu "acha tu" si ushauri.

Sasa kazi yenyewe. Mimi sikununua ng'ambo. Nilienda mitumba nikatafuta sidiria za michezo, zile nene zenye mkanda mpana chini na mikanda mipana mabegani. Jinsi ya kuijua nzuri ni kuivuta mbele kwa mikono miwili. Ikivutika kama chingamu, irudishe. Yenye zipu mbele ni dhahabu kwa mtu mwenye kifua kikubwa, nitaeleza kwa nini. Halafu nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu, nikamwomba aniwekee bitana ngumu ya pamba ndani, upande wa mbele tu, nyuma asiguse. Nilimwambia mgongo unaniuma nikipanda nduthi. Hakuuliza zaidi. Waswahili husema mtu anayeweza kutunza siri ana kifua, na yule mzee anacho, kikubwa kuliko changu.

Pima kwa tepu ya fundi, mara mbili: mahali kifua kimejaa kabisa, na chini yake kwenye mbavu. Shona saizi yako. Kila mtu mwenye kifua kikubwa hufikiri saizi ndogo zaidi itafanya kifua kipotee. Hakipotei, kinatafuta pa kutokea. Kitatokea juu shingoni, kitatokea kwapani, na mbavu ndizo zitakazolipa. Kama fupi inapanda na kujikunja tumboni, ongeza urefu, usipunguze upana.

Halafu namna ya kuvaa. Usiivute kutoka kichwani kama uko na jasho, utakwama mikono ikiwa juu, na ukiwa peke yako chumbani hiyo si hadithi ya kuchekesha. Ingia kwa miguu, uivute kwenda juu, kama makalio yanaruhusu. Yenye zipu haina vita. Ukishaivaa, inama kidogo, ingiza mkono, lilaze kila titi kwenda nje upande wa kwapa na chini kidogo. Usiyasukume katikati, utapata kilima kimoja badala ya viwili. Chuchu zikiangalia chini kuliko mbele, umefaulu. Simama, jitazame ubavu.

Hutaona ubao. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukaza zaidi. Mimi naona lengo la ubao limetuumiza kuliko kitu kingine chochote. Kaa stendi nusu saa uangalie wanaume wa Isiolo: madereva wa malori, wauza miraa, wazee wa kahawa. Wenye miili wana vifua, na vingine vinatikisika. Hakuna anayewaita mathe. Kifua cha mwanaume mnene hushuka taratibu kikaungana na tumbo, na hilo umbo sisi tunaweza kulipata bila kuvunja ubavu. Mabega yakilegea mbele kwa aibu ndiyo yanakuuza. Shati la mistari ya wima au maua, lisilobana, vifungo wazi juu ya tisheti ya rangi iliyokolea. Na mji huu una zawadi yake: shali. Wazee wa Kiborana na Kisomali huitupa begani, na vijana wanawaiga. Inaangukia mahali panapohitajika, na upepo wa Julai ukikubandika shati mwilini, unaivuta mbele kama mtu anayejikinga na vumbi.

Joto sasa. Saa nane ndizo hutajwa sana kama kikomo cha siku. Kwa Isiolo mimi nakata chini ya hapo. Nikitoka asubuhi kabla jua halijakaza, saa saba niko nyumbani na nimevua. Hapo kuandika kazi za vibarua nikiwa chumbani kumenifaa, natoka kwa mwendo wa saa chache na kurudi. Anayefanya kazi dukani hana bahati hiyo, na kwake nasema tafuta choo chenye komeo saa sita, fungua dakika kumi na tano, pumua mpaka chini ya tumbo, kohoa mara mbili kwa nguvu, jipanguse. Usilale nayo hata mara moja. Siku za kukaa nyumbani ziwe za kupumzika kweli. Na ukibeba mitungi ya maji ya lita 20, ivue kwanza, au vaa sidiria ya michezo ya kawaida. Mwili unaobeba mzigo unahitaji pumzi yote.

Chini ya kifua kikubwa kuna mkunjo ambao haukauki. Jasho likikaa hapo siku mbili unaanza kuwashwa, ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inanuka. Mara nyingi hiyo ni fangasi, na tiba yake ni krimu kama klotrimazoli, inapatikana duka la dawa bila kueleza maisha yako. Kinga ni rahisi zaidi: osha, kausha mpaka pawe pakavu kabisa, vaa vesti nyembamba ya pamba ndani. Uwe na nguo mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Kamba ndiyo taabu ya watu wa ploti. Mimi huanika yangu ndani ya tisheti pana, kama mtu ndani ya mtu, na jua letu linaikausha upesi. Hapo angalau Isiolo inawashinda wenye baridi.

Shangazi yangu amewafunga tumbo kwa leso wanawake wengi waliojifungua. Simwambii mambo yangu, lakini nimemtazama akifunga. Akimaliza humwambia mama: cheka. Halafu: kohoa. Mama akishindwa kucheka, anafungua na kuanza upya. Sijaona mwongozo wowote wenye kipimo kizuri kuliko hicho. Kila asubuhi nikishajipanga nacheka kwa sauti peke yangu chumbani, jirani anadhani naangalia vichekesho kwenye simu. Ikiuma kama sindano unapovuta pumzi, au vidole vikifa ganzi, au kizunguzungu, vua papo hapo. Maumivu yakibaki baada ya kuvua, nenda ukaonwe, na useme "nimevaa nguo ya kubana sana mbavuni." Hiyo ni kweli na inatosha. Hutapewa dawa ya kikohozi.

Kuna mahali ambapo kifua kilichofungwa vizuri hakisaidii. Njia ya kwenda Marsabit ina vizuizi vya polisi, na kitambulisho kina jina na jinsia yake. Askari anakuita kijana, anaangalia kadi, anakuangalia tena. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transi, cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Ilikuwa siku kubwa, lakini kile kilikuwa cheti cha shule cha mtu mmoja aliyekwenda kortini. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu huntha, 1,524. Sisi si huntha, ingawa majirani huchanganya, na hatukuwa na kisanduku. Kwenye kizuizi mimi hujibu kwa ufupi, natabasamu, mikono nje ya mifuko. Hakuna kitambaa cha hilo.

Mwezi ujao rafiki yangu anashuka tena kutoka Marsabit, kuna harusi ya kaka yake huku na atasimama na wanaume. Nimeshamwambia asafiri na vesti ya kawaida na shali, avae bainda akifika. Vipimo vyake alinitumia kwa simu, nikavipeleka kwa fundi, ambaye aliviandika nyuma ya kalenda na kuniuliza, "Huyu naye anaumwa mgongo?" Nikasema naye pia. Akauliza rangi. Nyeusi ilikuwepo, bei rahisi, lakini siku hiyo wanaume wote watavaa kanzu nyeupe na nyeusi ingeonekana chini yake kama dirisha. Tukachagua kahawia, karibu na ngozi yake. Itakuwa tayari Alhamisi.