Vidole vinne vya babu yangu

Kwa kawaida ninawaletea habari za wengine. Leo ninaomba ruhusa niwaeleze jambo langu mwenyewe, kwani linawagusa pia ninyi mnaolala kando ya reli hapa Kalemie.

Mwezi uliopita niliitwa katika kamati inayoandaa mnara wa kumbukumbu ya reli yetu. Mpango ni kusimamisha gurudumu la zamani la treni juu ya msingi wa simenti, na chini yake kuweka kibao cha chuma chenye jina la kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902. Siku ya uzinduzi padri na mchungaji watafanya maombi, fanfare itapiga, wakubwa watahutubu. Mimi nilipewa kazi ya kuandika historia fupi ya kusomwa mbele ya watu.

Nilikubali kwa furaha, maana ni historia ya kusimulia. Mto Lualaba una maporomoko ambayo meli haiwezi kupita. Kwa hiyo kampuni ilijenga reli vipande vipande, kuyazunguka maporomoko hayo: kutoka Kisangani hadi Ubundu, halafu kutoka Kindu hadi Kongolo. Msafiri alishuka treni akapanda meli, akashuka meli akapanda treni tena. Kisha wakajenga kipande chetu, kutoka Kabalo hadi hapa, kilomita 273 zinazofuata bonde la Lukuga. Reli ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza. Mwaka huohuo mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zililetwa kwa reli hii ili kupigana na meli za Wajerumani kwenye Tanganyika.

Babu yangu mzaa baba alitumika kwenye njia ya reli. Mwaka 1955 njia ilipanuliwa, kutoka milimita 1,000 hadi milimita 1,067, ili mabehewa yaweze kuungana na reli ya Katanga. Alipokuwa akitueleza kazi hiyo, aliweka vidole vinne juu ya meza. «Ni upana huu tu,» alisema. «Lakini uanzie hapa mpaka Kabalo, chuma kwa chuma, jua likiwa juu ya kichwa.» Tulipokuwa watoto tulicheka. Vidole vinne ni kazi gani?

Katika mkutano wa pili, mmoja wa wakubwa wa kamati alisema: «Wageni wakija, mbele ya mnara lazima pawe safi. Zile shitingi ziondolewe wiki moja kabla.» Alikuwa anasema juu ya familia zilizokimbia vita upande wa Nyunzu, ambazo zimejenga vibanda vyao karibu na mahali tulipopachagua. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Mimi nilinyamaza. Niliandika tu katika daftari: shitingi, wiki moja.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwenye vibanda, nikamkuta mzee mmoja ameketi nje akitengeneza kikapu.

«Jambo, Mzee.»

«Jambo, mtoto yangu. Ni nini munapima hapa kila siku?»

Nilimweleza habari ya mnara. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba baba yake alikuwa mfanyakazi wa njia karibu na Niemba. Alipokuwa mtoto, yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, akitembea juu ya mataruma akiyahesabu. Akaniuliza kama jina la baba yake litaandikwa. Nikasema kibaoni kuna jina la kampuni na la wakubwa wake.

«Kwa hiyo mutatuondoa sisi,» alisema, «ili muheshimu kazi ya baba zetu?»

Sikuwa na jibu. Nilimuaga kwa heshima nikaondoka.

Katika mkutano wa tatu niliomba neno. Nilisema mambo mawili: familia zisiondolewe, na majina ya wafanyakazi yaandikwe. Mmoja alikasirika. Alisema mnara huu ni wa uhandisi, si wa orodha ya vibarua. Nilimjibu kwamba mhandisi alichora mstari kwenye karatasi, na mstari wake ulikuwa mzuri. Lakini karatasi haikusogeza chuma vidole vinne. Nikasema pia kwamba siku za mwanzo wengi hawakuja kwenye kazi hii kwa hiari yao, na wako waliokufa bila kaburi linalojulikana. Tukiimba juu ya gurudumu na kuwasahau hao, tutakuwa tumesema nusu ya ukweli.

Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwishowe tulikubaliana kwamba mnara utajengwa upande mwingine wa uwanja, na hakuna kibanda kitakachoguswa. Tarehe ya uzinduzi imesogezwa mbele. Lakini juu ya majina, mkubwa yule aliniuliza swali la haki: «Majina yenyewe yako wapi? Karatasi hatuna.»

Ni kweli, karatasi hatuna. Mtu akikimbia usiku habebi karatasi. Anabeba mtoto na sufuria. Majina yamebaki katika vinywa vya wazee, na wengi wa wazee hao leo wako chini ya shitingi.

Ndiyo sababu ninawaandikia. Kama baba yako, babu yako au mjomba wako alitumika kwenye reli, awe masinisti, fundi wa karakana, mlinzi wa gare au mbeba mawe, tuletee jina lake, kazi yake na mahali alipofanyia kazi. Na mama zetu waliowapikia, nao watajwe. Jumamosi hii asubuhi nitaketi nje ya gare na daftari langu, lilelile nililoandikia «shitingi, wiki moja». Ukurasa ule nimeuacha. Ukurasa unaofuata una majina mawili: la kwanza ni la baba wa yule mzee wa Niemba, la pili ni la babu yangu.