Vina vya Kizungu havikai kwenye herufi

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo, tuongee vina.

Sisi tuliopita sekondari za kwetu tulifundishwa vina kwa njia moja: tazama silabi ya mwisho. Kama mshororo wa kwanza umeishia na "-zi", unaofuata nao uishie na "-zi", katikati vivyo hivyo, mizani nane kwa nane, kazi imekwisha. "Kazi" na "penzi" ni vina halali kabisa. Ukitaka utamu zaidi unaongeza "mwenzi", "enzi", "utenzi", hata "mshenzi" (wengine mnajua penzi linavyoweza kufikia hapo). Kiswahili kimetubeba sana. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Hata aliyelewa hakosi kina.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke kwenye Kiingereza uone balaa lake. Kwanza herufi zenyewe ni waongo wakubwa. Chukua "tough", yaani ngumu, "though", ingawa, "through", kupitia, "bough", tawi la mti, na "cough", kikohozi. Yote matano yanaishia na herufi zile zile nne, na hakuna hata mawili yanayotoa kina. "Tough" mwenzake ni "stuff", vitu. "Though" anaendana na "go", kwenda. "Through" na "blue", rangi ya bluu. "Bough" na "cow", ng'ombe. "Cough" na "off". Ukitafuta kwa macho umekwisha, lazima utafute kwa masikio.

Wenyewe Waingereza hili liliwasumbua. Mwaka 1775 John Walker alitoa kamusi aliyoipanga kinyumenyume, maneno yakifuatana kwa herufi za mwisho kurudi mbele. Ilisaidia, lakini ukiangalia vizuri bado ni kamusi ya macho. Leo mambo ni tofauti. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina kamusi ya matamshi ya maneno zaidi ya 134,000, na kompyuta inaweza kuyalinganisha kwa sauti tu bila kujali yanaandikwaje. Tovuti kama RhymeZone unaipa neno moja, inakumwagia orodha.

Kuna mtego wa pili ambao walimu wetu wa fasihi hawakuugusa, nao ni mkazo. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hauna ubishi. Kwa Mwingereza unahamahama, na kina chake kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo, sio silabi ya mwisho. Kwa hiyo "running", kukimbia, na "singing", kuimba, kwa sikio lake si vina, ingawa yote yana "-ing". "Running" anamtaka "cunning", mjanja. "Nation", taifa, na "station", kituo, ni vina safi. Ukileta "question" hapo umeharibu. Nimesikia mistari mingi ya vijana wetu iliyojaa "-tion" mwanzo mwisho, kijana anatamba kabisa, kumbe amebeba kanuni ya shairi la Kiswahili na kuipandisha ndege.

Halafu Kiingereza ni maskini wa vina. Neno "love", ambalo nusu ya nyimbo za dunia zinalihitaji, lina wenzake wachache wa maana: "above", juu, "dove", njiwa, "glove", glovu, na "shove", kusukuma kwa nguvu. Sasa unaelewa kwa nini kila mapenzi ya Kizungu yana njiwa na mbingu. "Move" na "prove" ni wa macho tu. "Month", mwezi wa kalenda, hana mwenzake, na "orange", chungwa, watu walihangaika naye mpaka wakaokota jina la kilima kimoja kule Wales, Blorenge. Mtu gani ataimba kuhusu hicho kilima?

Sasa maana. Orodha inakupa sauti, haikuambii neno linabeba nini. Andika "night", usiku, utaletewa "light", "bright", "height", "kite" (tiara), "plight", "spite" na "blight". Mpenzi wako umwite "my light", mstari unaofuata uweke "blight" kwa sababu linang'aa mdomoni, basi umemwita bakajani, ule ugonjwa unaokausha nyanya na viazi. "Spite" ni hiana. "Plight" ni hali ya taabu. Fungua kamusi, ndugu yangu, ni dakika moja.

Haya yote nimeyachimba kwa sababu ya dogo wangu. Anachana, na kwa Kiswahili ni moto. Mwaka jana baba yetu alifariki wakiwa hawajasemeshana miezi mingi, sitaingia huko. Dogo akaandika ubeti wa Kiingereza, labda kwa Kiswahili ulikuwa unauma mno. Mistari miwili iliishia na "live", kuishi, na "believe", kuamini. Prodyuza mmoja akamcheka mbele za watu: eti kijana, hivyo sio vina. Akarudi nyumbani kimya.

Kwa kamusi, prodyuza yuko sahihi. Irabu ya "live" ni fupi, ya "believe" ni ndefu. Lakini sisi tuna "i" moja, na kwa sikio la Mbagala "live" na "leave" ni neno moja. Sikio letu lina hesabu zake: kutoka kwa "nurse" tukapata nesi, kutoka kwa "shirt" tukapata shati, wakati kwa Mwingereza maneno hayo mawili yana irabu ile ile. Na wao wenyewe hawaelewani. "Clerk", karani, wa London anaendana na "dark", giza. Wa New York anaendana na "work", kazi. Mimi nasema kama wimbo utapigwa kwenye daladala, waachie abiria waamue. Prodyuza angeweza kusema hivyo pia, bila kicheko.

Dogo hakutaka utetezi wangu. Alitaka kina ambacho hakuna mtu atakicheka. Tukakaa na simu yangu. Kwa "believe" tulipata "leave", kuondoka; "deceive", kudanganya; "grieve", kuomboleza; "sleeve", mkono wa shati. Akapita zote. Kwa "live" la kuishi (lile la matangazo ya moja kwa moja linaendana na "five", msichanganye) orodha ilikuwa fupi sana. "Give", kutoa. Chini yake "forgive".

Akalitazama hilo la mwisho muda mrefu.

"Kaka, hili ni kusamehe au kusamehewa?"

Nikamwambia ni kusamehe. Akaandika.