Tundu la Milimita 28

Baba aliingia na kitu kimefungwa kwa gazeti, akakiweka mezani hata kabla ya kuvua viatu. "Hiki hakiozi," akasema. Ilikuwa tenki konekta ya shaba ya manjano, ya robo tatu, nzito mkononi, aliyoihifadhi tangu enzi zake za kufunga mabomba mahotelini huku Pwani. Siku hizi amestaafu, mikono inamtetemeka, na ni nadra mtu kumwomba kitu cha ufundi wake. Mimi nilimwomba. Nilitaka tangi langu la samaki litobolewe karibu na ukingo, maji yashuke yenyewe hadi tangi dogo la chini, yachujwe huko, pampu iyarudishe.

Tukaenda kwa fundi wa vioo. Wengi hukosea hapa: wanatoboa kwanza, halafu ndio wanatafuta cha kutia. Robo tatu ni jina tu. Ukipima tredi yake kwa nje unapata milimita 26 na ushei, si 19. Baba alimkabidhi fundi ile konekta aipime mwenyewe, wakakubaliana tundu la 28. Bahati nzuri kioo changu si kile kilichokazwa kwa moto. Kile ukikitoboa kinamwagika chote kama chumvi. Biti ya almasi ikazunguka, maji yakitiririshwa juu yake, na Baba kasimama kimya kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Usiku ule ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma mapema. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na shaba ikiyeyukia majini, hata kidogo ambacho samaki hatakihisi, huua uduvi na konokono. Mimi nafuga uduvi. Ajabu ni kwamba damu yao wenyewe hubeba hewa kwa shaba, kama yetu inavyotumia chuma. Najua wapo walioweka shaba wasione neno. Lakini maji ya bomba la nyumba hupita yakaenda zake. Ya tangi hurudi palepale, mchana na usiku.

Siku tatu sikumpigia simu. Nilipompigia nikalisema lote kwa pumzi moja.

"Watu wamekunywa maji ya shaba miaka yote," akasema.

"Watu si uduvi, Baba."

Kimya. Nikadhani stima imepotea kwake, simu imezimika. Kisha: "Haya. Njoo unichukue twende hadiwea."

Pale dukani nilimwona baba yangu wa zamani. Alichukua konekta za plastiki moja moja, akapitisha ukucha kwenye tredi. Ukinasa, anaiweka kando. Akailaza sahani ya kila moja juu ya kioo cha kaunta, aibonyeze huku na huku. Ikicheza, imepinda. Tatu zikakataliwa.

"Mzee, si ni plastiki tu hiyo," muuzaji akalalamika.

"Ndiyo maana," Baba akajibu, akachukua ya nne.

Nyumbani mikono ilikuwa yangu, sauti yake. Mpira uende ndani, upande wa maji, chini ya sahani. Nati ikae nje. Ukiuweka mpira chini ya nati, ukikaza unajikunja, na maji hupata njia kupitia tredi. Hakutaka silikoni hata tone: mpira mzima kwenye kioo safi unatosha. Nikakaza kwa vidole hadi nati ikagoma, nikaongeza robo mzunguko. Nikanyoosha mkono nipewe spana, yeye akaitia mfukoni.

"Kioo hakikwambii kabla," akasema.

Tukajaza maji hadi yakapita tundu. Nikalaza karatasi ya tishu chini ya kiungo, maana jirani wa chini ametoka tu kupaka dari rangi. Baba akaifunga tena konekta yake kwa gazeti lilelile, akaondoka nayo. Sikumzuia, wala sikujua la kumwambia.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia.

"Inavuja?"

Nikainama, nikaigusa tishu. "Kavu, Baba."

"Iguse tena."

Nikaigusa tena.