Mzee Anaposahau Rakaa

Mzee wetu mmoja hapa Mpanda alishika mfuko wa msikiti tangu Katavi haijawa mkoa, na hesabu yake haikupungua hata shilingi. Tangu Ramadhani iliyopita amekuwa akija kuswali Adhuhuri saa tatu asubuhi, na akishatoa salamu huuliza ni rakaa ngapi tumeswali. Siku alipomkana bintiye wa kumzaa, maneno yalianza barazani: karogwa huyu.

Sisi tunaoandika kumbukumbu za kamati hatukuweza kulinyamazia neno hilo. Katika mikoa yetu hii ya magharibi tuhuma za uchawi zimekwisha mwaga damu ya wazee, hasa akina mama wenye macho mekundu, macho ambayo aghalabu ni moshi wa kuni tu.

Maradhi yenyewe yana jina. Mwaka 1906 tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake alichokiona katika ubongo wa mwanamke aliyepoteza kumbukumbu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake. Oksijeni hiyo hiyo inayotupa uhai huzalisha chembechembe kali zinazoharibu protini, mfano wa kutu inavyokula bati. Ujanani seli huzivunja protini zilizoharibika na kuunda nyingine. Uzeeni kazi hiyo huzorota na taka hurundikana. Katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer uharibifu huo huonekana zaidi, pamoja na mabonge ya amiloidi nje ya seli na nyuzi za tau zilizosokotana ndani yake. Kipi humtangulia mwenziwe, wataalamu wangali wanabishana. Vidonge vya vitamini E, vilivyotarajiwa kuwa ngao, havikuthibitika kuzuia maradhi haya, kwa hiyo wenye kuuza chupa za "dawa ya ubongo" tuwaulize ushahidi kwanza.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana maradhi ya kupoteza akili uzeeni. Je, wote hao wamerogwa?

Surat An-Nahl, aya ya 70, inautaja umri huo ambao mtu hurudishwa asijue alichokuwa akikijua. Na mafakihi wamekubaliana kwamba aliyeondokewa na akili hana taklifu. Hivyo walipotokea wajumbe waliotaka mzee azuiliwe nyumbani kwa kuwa "anavuruga safu", tuliwapinga. Sasa kijana mmoja husimama ubavuni mwake na kumgusa bega wakati wa kurukuu.

Lililotutia hofu zaidi ni karatasi. Jamaa mmoja alikuja na hati ya mauzo ya shamba la mpunga, akidai mzee ameridhia. Uuzaji wa asiye na akili timamu haufai kisheria; tukaagiza hati ikae hadi watoto wake wote wakutane mbele ya sheikh.

Visomo vinaendelea, na hospitali pia. Bintiye anampeleka Jumatatu akapimwe shinikizo la damu, masikio, upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo, kwani usahaulifu mwingine hutibika. Nauli imetolewa na kamati.